Kina Kilichobaki Mdomoni

Msusi mmoja, mama wa makamo, watu walimwita Kitana. Jina lilimkaa kotekote: saluni alichana nywele, jukwaani alichana mistari ya kufokafoka. Alianza kutunga akiwa kazini, vidole vikikimbiza rasta, mdomo ukifuata mwendo wa vidole, mpaka wateja wakawa wanamwambia, "Dada, leo nisuke kwa biti ya polepole, kichwa kinauma."

Ijumaa moja aliingia mke wa Barafu. Huyo Barafu alikuwa fundi wa mafriji, na kwa kuchana hakuwa mchezo. Mwanamke alikaa, akainamisha kichwa, akaanza kulia kimyakimya.

"Dada, mume wangu kafukuzwa kazi. Watoto hawajui. Kila asubuhi anavaa ovaroli, tunamuaga, kumbe anakwenda kukaa bustani ya mjini mpaka jioni. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, mdogo wangu? Ya hapa yanafagiliwa pamoja na nywele."

Kesho yake waandaaji wakatangaza watakaokutana fainali ya mashindano ya mitindo huru, ya kuchana papo kwa papo: Kitana na Barafu. Kitana alikuwa anaosha vitana aliposikia habari, na mstari ukamjia wenyewe, hata hakuutafuta:

*Kila siku ovaroli, wakikuaga nyumbani,*
*Kumbe kazi huna tena, unajificha bustani.*

Aliurudia kwa sauti ndogo. Mizani imetulia, vina vimekaa, na ncha yake kali kama wembe. Mtunzi anaweza kukaa mwaka mzima asipate mstari wa namna hiyo. Akajiapiza kwamba hatautumia. Lakini hakuusahau.

Jumapili mchana ukumbi ulifurika. Mama yake Kitana alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Upande wa pili, karibu na spika, alikaa mke wa Barafu na nywele zake mpya. Macho yake na ya Kitana yalipokutana, mwanamke yule aliyakwepa.

Raundi mbili za mwanzo hakupatikana mbabe. Ya tatu, Barafu alianza. Alikuwa na kipaji cha kuchelewa makusudi: anaiacha ngoma ipige peke yake, watu wanadhani amepotea, kisha anaidaka kama mtu anayedaka glasi kabla haijafika sakafuni. Safari hii alidaka hivi:

*Unasuka vichwa vyao, ndoa yako yafumuka,*
*Mume kabeba sanduku, kwaheri hakutamka!*

Ukumbi ulilipuka. Wengine walipanda juu ya viti. Kitana hakuwatazama, alimtazama mama yake, na mama alikuwa ameinamia mkoba kana kwamba anatafuta kitu ndani yake. Damu ikamchemka.

"Kitana, zamu yako!" alipiga kelele mshereheshaji.

Biti ikaingia. Alivuta pumzi, na kabla hajaamua lolote, ulimi ulikuwa umeshatangulia:

*Kila siku ovaroli, wakikuaga nyumbani...*

Barafu akakauka. Tabasamu lilimtoka usoni kama taa iliyozimwa. Kule karibu na spika, mkewe aliziba mdomo kwa viganja viwili. Katika watu wote wale, ni watatu tu waliojua mstari unaofuata ungesema nini, na mmoja ndiye aliyekuwa na kipaza sauti.

Ngoma ikapiga. Kitana alikuwa na neno mdomoni, akalimeza. Sasa alihitaji kina kingine cha *-ani*, na biti haimsubiri mtu. Ngoma ikapiga tena, tupu. Watu wakaanza kuguna. Kisha:

*Fungua friji tuone, mistari ya juzi ndani!*

Watu walicheka, wakashangilia, lakini alikuwa amechelewa, na kuchelewa kwake hakukuwa kwa makusudi. Majaji walisikia. Barafu akapewa ushindi, akaupokea bila kuinua mkono.

Njiani mama aliuliza, "Mwanangu, pumzi ilikuishia?"

"Iliniishia, mama."

Siku chache baadaye Barafu alisimama mlangoni mwa saluni, amevaa shati la kawaida.

"Dada Kitana, neno *nyumbani* lilikuwa likutane na kina gani?"

"Si ulisikia? Na *ndani*."

"Hicho kilikuwa kiraka. Nimechana miaka mingi, kiraka nakijua."

Kitana akaendelea kusuka. Angesema nini bila kumtaja aliyemwambia?

"Usihangaike," Barafu akasema. "Mke wangu alikiri mwenyewe tulipofika nyumbani siku ile, hata viatu hatujavua. Watoto nimewaambia. Mkubwa aliniuliza kama chakula cha mchana nilikuwa nakula." Akaegemea mlango. "Ule mstari wa nyumba yako nisamehe. Ulikuwa mtamu, ikanishinda kuuacha."

"Najua mstari mtamu unavyomshinda mtu," Kitana alijibu. "Na mkeo?"

"Anakushukuru. Lakini amesema kichwa chake hutakigusa tena."

Hilo lilimchoma kuliko kushindwa. Hakujitetea. Mwanamke yule alikuwa ameuona mdomo wake ukifunguka, na hilo lisingefutika.

Barafu akaaga, akaondoka. Mteja aliyekuwa kitini akageuza shingo, uso umechangamka. "Dada, kama ni mambo ya ndoa, ngoja nikupe ya shemeji yangu..."

"Hayo kaa nayo, mama," Kitana alisema, akamrudisha kichwa taratibu. "Niambie tu, nikubane au nilegeze?"