Kaburi la Mgomba Kule Murungu

Nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa wengine: nilimkimbia mama wa watu makaburini. Tena mchana kweupe. Mtumishi wa serikali, shati limepigwa pasi, natimua mbio na faili kichwani kama mtu anayejikinga mvua. Sasa nimestaafu, nafuga mbuzi, kwa hiyo naweza kusema.

Kazi niliianzia Kasulu. Shule ilinishinda kidato cha pili, wakanichukua niwe mhudumu wa kufagia na kupeleka chai. Siku ya kwanza Mkuu wa Masijala akaniingiza chumbani kwake. Masijala ndipo mafaili yote ya ofisi yanapolala. Akanituma faili la kijiji fulani, nikamletea lililo nene kuliko yote, nikidhani mkubwa hawezi kutaka jembamba. Hakucheka. Alisema, "Zabroni, faili halipotei. Linakaa mahali ambapo mvivu hajafika."

Ndiye aliyenifundisha folio, yaani namba ya kila karatasi ndani ya faili. Akanifundisha pia kwamba vijijini karatasi nyingi hazipo, inabidi uwafuate watu. Unauliza nani alizaliwa msimu mmoja na nani, nani alizikwa wapi. Unaandika maelezo, ndugu wanaweka dole gumba, Mtendaji wa Kijiji anagonga muhuri. Hapo umepata kumbukumbu.

Baadaye nikahamishiwa Kibondo, na huko Afisa Tawala akanipa kazi ya Konsolata. Alikuwa mama wa Kitahana, mpole, mwenye kitenge cha bluu. Kwao ni Murungu, wazee wake walitoka Burundi zamani wakapewa uraia. Alipokuwa binti alivuka mpaka kwenda kumuuguza bibi yake, vita ikamfungia huko. Aliporudi baada ya miaka mingi akaolewa Kitahana, akazaa. Ila kijijini kwao alishaandikwa amekufa. Kwa hiyo kwa serikali wale watoto walizaliwa na marehemu, na hakuna ofisi iliyokubali kuwapa vyeti.

Afisa Tawala alisema, "Nataka ndugu wawili waseme wamemwona yuko hai. Bila hao, sifuti kitu."

Nikaona kazi nyepesi. Mtu mwenyewe si huyu hapa? Nikampakia kwenye pikipiki ya ofisi. Njiani akaniambia alishakwenda kwao peke yake mara moja, akasalimia kila mlango, hakuna aliyeitika. Nikamtania kwamba labda alibisha hodi kama mdai. Akakaza kitenge chake, akatazama barabara.

Tulipofika kwa baba yake mdogo, Mzee Gervasi, ua ulijaa watu na wote walinisalimia mimi kwa Kiha. "Mwakeye, bwana karani." Macho yao yalipita juu ya bega la Konsolata kama vile nimesimama peke yangu. Kikaletwa kiti kimoja. Ikaletwa togwa, kikombe kimoja. Mtoto akaja mbio kumwangalia Konsolata, mama yake akamfunika uso kwa mkono. Nikaanza kujiuliza kama nyuma yangu kwenye pikipiki kulikuwa na mtu kweli. Siwadanganyi, nilimgusa kiwiko kwa siri. Kilikuwa cha baridi, ila na mimi nilikuwa wa baridi.

Mzee Gervasi akanigeukia mimi. "Bwana karani, huyo tulimzika. Hatukupata mwili, tukamzikia mgomba kwa jina lake, tukalia, tukanyoa nywele, tukamaliza msiba. Mtu uliyemzika ukimwitikia salamu, umemkaribisha ndani alale."

Nikaomba kuonyeshwa kaburi, maana kwenye kazi yetu kaburi nalo ni ushahidi. Watu wote wakatufuata, na mbwa nyuma yao. Kumbe waliochimba walizika mgomba pamoja na mizizi yake. Ulichipua. Juu ya kaburi kulikuwa na migomba iliyofungamana, imenona kuliko ya shamba lolote pale, na mkungu umeiva manjano. Hakuna aliyethubutu kuuchuma. Ndege wenyewe hawakuugusa.

Konsolata aliutazama mkungu muda mrefu. Akanyoosha mkono, akachuma ndizi moja, akaimenya taratibu. Akaimega, akala.

"Mlinipandia chakula," aliwaambia, "na mimi huko nilikuwa nalala na njaa."

Waliokuwa wamechuchumaa wakainuka wote kwa pamoja, wakarudi nyuma hatua moja. Majani ya migomba yakatikisika, na upepo sikuusikia. Basi, mimi miguu yangu haikusubiri ruhusa.

Nilisimama barabarani, nikakumbuka pikipiki ya ofisi niliichukua kwa saini yangu. Nikarudi kwa sababu hiyo, msinipe sifa. Niliwakuta wamekaa chini pembeni ya kaburi, Konsolata na baba yake mdogo. Mzee alikuwa ameshika nusu ya ile ndizi, anatafuna huku machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Mwakeye, mwana wanje," alikuwa anamwambia. Mwanangu. Aliirudia salamu ile tena na tena, na kila mara Konsolata aliitika.

Mzee aliweka dole gumba, shangazi yake Konsolata akafuata, Mtendaji akagonga muhuri. Watoto walipata vyeti vyao.

Tangu nistaafu watu wananiuliza kama kazi ya mafaili haichoshi. Nawaambia haichoshi, inaogofya kidogo, maana pale kwenye kabati kuna watu wengi waliolala na hujui nani bado anapumua. Kisha nawasimulia mbio zangu, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Desderi, aliyekuwa dereva wa ofisi yetu, ni rafiki yangu na anacheka kuliko wote. Ila juzi nilipomaliza hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Kumbe na wewe ulikuwa kama wao," alisema. "Wao walimkimbia kwa macho, wewe kwa miguu."