Mjomba Seif, udi wake uliokazwa nyuzi, na safari za hospitali Matrah

Kwa nini mtu akaze nyuzi za udi asioupiga?

Wakuu, salaam kwenu wote. Swali hilo lilinikaa kichwani Maskati kuanzia 1968 hadi 1970 na jibu sikulipata. Nitawaeleza niliyoyaona. Pale nilipokuwa nakisia nitasema nilikisia. Sina haja ya kupamba, umri wangu hauniruhusu.

(Udi wa kupiga, jamani, si wa kufukiza.)

Mwenye udi alikuwa Mjomba Seif, mdogo wake mama. Mtu wa Wete, Pemba. Akiwa kijana alichukuliwa na jeshi la Mwingereza akapelekwa Burma, na huko ndiko alikojifunza kuendesha lori. Vita vilipokwisha akarudi Wete. Mchana anaendesha lori la karafuu, jioni anapiga udi kwenye kikundi cha taarab.

Wete ni mji mdogo. Harusi ikipita bila Seif, watu walikuwa wanauliza kuna ugomvi gani.

Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, alivuka na mkewe, watoto wake na mama yangu, ambaye alikuwa mjane. Wakafikia Maskati. Tajiri mmoja wa Matrah, bandari ya jirani, akawadhamini, akampa Mjomba lori la kupeleka mchele na sukari kwenye miji ya milimani.

Mimi wakati huo nilikuwa chuo kikuu, Kampala. Nilipomaliza, 1968, nikawafuata.

Vijana mnaoijua Maskati ya leo, ya kasri na wizara, naomba muisahau kidogo. Mji ule ulikuwa na ukuta na malango, na jioni malango yanafungwa. Gari ilitaka kibali. Muziki ulikatazwa. Hata mwenye gramafoni alikuwa anaificha chini ya kitanda.

Shule ya wasichana ya kufundisha haikuwepo. Digrii yangu ikakaa sandukuni, na mimi nikakaa uani nikibishana na kila anayepita. Nilihoji dawa za kienyeji, nilihoji ndoto za watu, nilihoji mpaka bei ya papa mkavu. Mama alikuwa akisema, "Huyu wamemrudisha na ulimi wa ziada."

Sasa, udi.

Mjomba aliuvusha kutoka Pemba umefungwa ndani ya kanga. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa anautoa, anaupangusa, kisha analaza sikio juu ya ubao na kugusa uzi mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Ukikaa chumba cha pili husikii kitu. Halafu anaufunga tena.

Siku moja hayupo niliufungua. Nyuzi zote zilikuwa zimekazwa, tayari kupigwa.

Hapo ndipo akili yangu ilipogoma. Nilipokuwa mdogo Wete, mwezi wa Ramadhani taarab inasimama, na wapigaji wote hulegeza nyuzi mpaka Idi, ili ubao usivutwe bure ukapinda. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Hapa Maskati Ramadhani yake ilikuwa mwaka mzima, na nyuzi hazilegezwi.

Nikamuuliza.

"Mazoea," akasema.

Jibu la namna hiyo kwangu halikuwa jibu.

Mwaka 1969 mama akaanza kuumwa kifua. Daktari wa hospitali ya Matrah alisema wazi kuwa hapati nafuu, anaweza kupunguziwa maumivu tu. Mama alilipokea kwa utulivu. Akawa na ombi moja, na alilitoa mbele yetu sote tumekaa kwenye mkeka.

"Seif, nipigie ule wa harusi yangu. Mmoja tu."

"Dada, hapa?"

"Wapi tena? Unataka niende Wete?"

"Askari wa lango anakaa nyumba ya tatu. Nikipiga, kibali cha lori kimekwenda. Kibali kikenda, tajiri anatuacha mkono. Tutakwenda wapi na watoto hawa?"

Mama akanyamaza. Mimi, bila shaka, sikunyamaza.

"Mjomba, Burma ulipigana na Wajapani. Leo unamuogopa mtu mwenye fimbo?"

Akanitazama, wala hakukasirika.

"Burma nilikuwa nna roho yangu tu, Asha. Hapa nna zenu."

"Kwa hiyo hapana?"

"Hebu mwache mjomba'ko!" mama akadakia. "Chuo kizima umesoma, hujasoma kunyamaza?"

Ikawa hapana. Nilielewa hoja yake, na sikuikubali. Kwa hesabu yangu, mgonjwa anayekwenda alistahili wimbo mmoja. Kwa hesabu yake, watoto walistahili paa. Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi kwa hoja tupu.

Kila baada ya wiki chache mama alikuwa anapelekwa hospitali Matrah. Mjomba anamchukua kwa lori, na jirani yetu Bi Zuwena anakwenda kumsaidia kupanda na kushuka. Mimi nabaki na mke wa Mjomba na watoto.

Walichukua godoro jembamba la mama kulalia barazani, maana foleni ya hospitali haikuwa mchezo. Godoro hilo Mjomba alilikunja mwenyewe na kulibeba mwenyewe. Niliponyoosha mkono kusaidia akanipita.

Nikaanza kuona mambo.

Matrah si mbali, lakini walirudi alasiri imekwisha. Tajiri naye alikuja kulalamika mlangoni kwamba lori la Seif siku hizi linakunywa mafuta kama ngamia. Tena pindo la baibui la mama lilikuja na miiba midogo, ile ya miti ya mabondeni.

"Mama, hospitali gani ina miiba?"

"Njiani."

"Njiani wapi? Mmekaa ndani ya lori."

"Nilishuka kunyoosha miguu. Niletee maji."

Wakuu, nikapata theory. Mjomba anamchukua mama hospitali, kisha anapitiliza naye mpaka mabondeni kupakia kuni za kuuza. Mgonjwa anakaa juani, yeye anafanya biashara. Kila kitu kilikubaliana: saa, mafuta, miiba.

Nikamwambia usoni, mbele ya mama na Bi Zuwena.

"Unakwenda kukata kuni na mama yangu mgonjwa."

Bi Zuwena akajifunika mdomo kwa ushungi. Nilidhani ni aibu.

Mjomba akafikiri kidogo. "Ndiyo," akasema. "Kuni."

Safari iliyofuata lori lilirudi na mzigo wa kuni nyuma. Akazishusha uani mbele yangu, moja moja, taratibu, mama akitazama kutoka kitandani na kutabasamu. Nikaona kesi imekwisha, nimethibitisha.

Mama alifariki mwanzoni mwa 1970, miezi michache kabla sultani mpya hajashika nchi na mambo kubadilika.

Baada ya arubaini niliufungua tena ule udi. Nyuzi zilikuwa zimelegezwa zote. Nikajiambia ni huzuni, nikaufunga.

Malango yakaachwa wazi, redio zikasikika mpaka sokoni, vijana wakaja kumbembeleza Mjomba aanzishe kikundi. Aliwapa chai. Udi hakuutoa. Aliendelea na lori mpaka macho yalipomkataza, akaishi na mwanawe mtaa wa Al Khuwair, akafia huko akiwa mzee sana. Msibani walimtaja kwa Burma na kwa lori. Kuhusu taarab, ni sisi wachache wa Wete tuliokumbuka.

Sasa sikilizeni.

Miaka mingi baadaye mwanangu alikwenda Wattaya, mtaa wa maduka ya magari ng'ambo ya Matrah, kununua gari. Nilikuwa naye, na Bi Zuwena alikuwa nasi kwa kuwa tulikuwa tunamrudisha kwake. Tumekaa ndani ya duka, viyoyozi, vioo, magari yanang'aa. Bi Zuwena akapiga fimbo yake sakafuni.

"Asha, hapa ndipo mama'ko alipokuwa akiimba."

"Akiimba nini, Bi Zuwena?"

"Wa harusi yake. Hapa palikuwa bonde tupu. Seif akiutoa udi ndani ya godoro, akipiga, mama'ko anaimba chini ya mti. Sauti imekatika, lakini akiimba."

"Na mtu akipita?"

"Lori halizimwi. Linanguruma vivyo hivyo mpaka tumalize. Mpita njia atasikia nini?"

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Mwanangu alikuwa anajadiliana na muuzaji, hakusikia.

"Mama'ko alikataa. Alisema, Asha akijua atabishana nalo uani, na uani kuna masikio."

Na ni kweli, ningebishana nalo.

Nililojifunza ni dogo. Nilihoji kila mtu, lakini hitimisho langu mwenyewe sikulihoji hata mara moja. Ushahidi wote ulikuwa mbele yangu: godoro, mafuta, miiba, nyuzi. Nilivihesabu vizuri nikapata jibu la hesabu nyingine.

Wenye wazee waliopita Maskati ya zamani, hebu andikeni hapa. Walificha nini, na mlikuja kujua vipi? Na anayeona Mjomba alikosea kuhatarisha kibali cha watu wote aseme pia, sitachukia. Hoja hiyo nami nimeigeuza mara nyingi.

Kuhusu zile kuni: Bi Zuwena alicheka mpaka akashika ubavu. Mjomba alizinunua soko la Matrah, njiani kurudi, ili nipate nilichokuwa nakitafuta.