Mkufunzi wa Kiti cha Nyuma

Kabla hujaniuliza, ngoja nikujibu. Sikuwa nimekunywa. Mimi ni mzee wa kanisa, sinywi. Sikuwa na homa wala usingizi, na macho yangu hupimwa kila mara na daktari asiyejua huruma. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, na nimechoka kuyasimulia kwa watu wanaoitikia "aha, aha" huku wakitafuta simu zao mfukoni.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba kila mtu anataka mzimu wa usiku. Wangu alikuja saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, jua linawaka na mlima wa Kilimambogo unaonekana mpaka miti yake. Sasa nifanye nini? Nimwambie arudi wakati wa giza ndipo mniamini?

Mimi ni rubani mstaafu wa jeshi. Nakaa Membley, hapa Ruiru, na mke wangu pamoja na kuku wake. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu Kariuki, daktari wa meno mwenye kliniki Thika, alinunua ndege kuukuu ambayo zamani jeshi lilitumia kufundishia marubani. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, propela moja mbele, na gurudumu dogo mkiani. Ukikwangua rangi mpya ubavuni unaona namba ya zamani, na namba hiyo niliijua. Ndege hiyo ndiyo niliyojifunzia kuruka. Tulikuwa tukiiita Shosho, yaani bibi, kwa sababu hata wakati ule ilikuwa nzee na ilinung'unika sana kabla ya injini kuwaka. Kariuki alikuwa na leseni ya ndege za kisasa, zile zinazombembeleza mtu, kwa hivyo akaniomba nimfundishe tabia za Shosho. Fundi wetu alikuwa Otieno, mtu wa Siaya, mpole, mwenye maneno machache. Uwanja wetu ni kijinjia cha murram, changarawe nyekundu, nje ya Thika, ng'ambo ya mashamba ya mananasi.

Nikueleze desturi moja, maana bila hiyo hutaelewa chochote. Ndege kama ile ina usukani mara mbili, fimbo moja mbele na nyingine nyuma, na zote husogea pamoja. Lazima ijulikane ni nani anaendesha. Kote duniani marubani hukabidhiana kwa Kiingereza. Mkufunzi wetu, Afande Mutiso, alikataa. Alisema Kiingereza ni cha kujaza fomu. Alitufundisha maneno matatu: anayetoa anasema "Shika," anayepokea anajibu "Nimeshika," na yule wa kwanza anathibitisha "Umeshika," ndipo anaachia. Na kama yeye mwenyewe ameamua kukunyang'anya, anasema "Nimeshika," nawe unainua mikono yote miwili juu ya kichwa aione kutoka nyuma. Ukichelewa, rula yake ya mbao inatua kwenye kofia yako. Tulifanya hivyo mpaka jambo lile likatuingia mwilini.

Mutiso alikufa siku ambayo Shosho ilikuwa gereji. Alichukua ndege nyingine, akapanda na mwanafunzi mmoja wa darasa letu, wakaanguka mchana kweupe. Wachunguzi walitazama injini, mafuta na nyaya, wasione kasoro. Mwishowe wakasema, kama watu waliokata tamaa, kwamba huenda kila mmoja alidhani mwenzake ndiye ameshika. Mutiso, kati ya watu wote. Sisi wanafunzi wake tulikataa kuamini, na hatukulizungumza tena.

Sasa turudi kwenye hiyo Alhamisi. Otieno alikuwa amebadilisha waya mmoja wa mkiani, na Jumamosi Kariuki alipanga kumpeleka binti yake Wairimu angani kwa mara ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuijaribu ndege peke yangu, niseme iko salama. Unaporuka peke yako katika ndege ya namna ile, unakaa mbele, na mikanda ya kiti kitupu cha nyuma unaifunga pamoja kwa fundo, isije ikanasa ile fimbo ya nyuma. Niliifunga mwenyewe. Otieno akaivuta kuhakikisha.

Nilipaa vizuri. Nikiwa futi elfu mbili juu ya mananasi, nikikata kona, nikasikia ndani ya hedifoni: "Mguu wa kulia umelala."

Nikausukuma mguu wa kulia kwenye pedali.

"Bado."

Nikausukuma zaidi. Nakwambia ukweli, hisia ya kwanza haikuwa woga. Niliudhika. Nimestaafu, nina wajukuu, na huyu Mutiso bado anahangaika na mguu wangu wa kulia? Akili ilikuja nyuma ya mguu, kama kawaida yake, ikaniambia kwamba niko peke yangu. Mikanda na kofia haviruhusu mtu kugeuka kutazama nyuma. Nilichoweza kufanya ni kusikiliza, na nilisikia pumzi nzito ya puani, ya mtu mwenye kitambi kama cha Mutiso aliyekalia kiti kidogo.

"Nimeshika."

Mikono yangu ikaenda juu. Niamini, sikuiamuru. Mzee mzima, peke yangu angani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Na ile fimbo katikati ya magoti yangu ikasogea kushoto, taratibu, na pedali zikasogea chini ya miguu yangu. Mutiso akachora duara moja safi kabisa juu ya mashamba. Hilo nalo liliniudhi, kwa sababu sijawahi kuchora duara kama lile maishani mwangu.

Kisha akasema, "Shika."

Nikanyamaza. Utaniuliza kwa nini. Nilikuwa na kiburi. Nilisema moyoni, mimi mzee wa kanisa sitaongea na maiti. Nikimjibu nitakuwa nimekubali yuko. Basi nikakaa na mikono yangu juu na hasira zangu, na pua ya Shosho ikaanza kushuka.

"Nani ameshika?"

Hiyo haikuwa sauti ya kufoka. Aliuliza polepole, kama mtu aliyeamka na kukuta mlango wa nyumba yake uko wazi. Upepo ukaongezeka kwenye kioo. Nikaikamata fimbo nikavuta, ikakataa. Haikuwa imenasa. Kulikuwa na mtu upande wa pili ameishika bila kuvuta wala kusukuma, anangoja.

"Nani ameshika?"

Mistari ya mananasi ikawa mananasi, moja moja. Nikapiga kelele, "Mimi, afande. Nimeshika."

"Umeshika."

Fimbo ikalegea. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, na nilipita chini kiasi cha kumwona mama mmoja kibarua akilala kifudifudi katikati ya ile miiba. Mpaka leo sijui aliwaambia nini watu wa kwake.

Nilipotua, Otieno alipanda juu ya bawa, akachungulia nyuma, akajikuna shingo.

"Mzee, huyu passenger ulimshukisha wapi?"

Lile fundo lilikuwa limefunguliwa. Mikanda ilikuwa imefungwa bizimu sawasawa, kama inavyofungwa juu ya mtu, na imelegezwa kwa kipimo cha tumbo kubwa. Otieno ni mwembamba. Mimi ni mwembamba. Kariuki alikuwa Thika anang'oa jino la mtu.

Nikamfuata huko huko kliniki. Nikakaa kwenye foleni na watu waliovimba mashavu mpaka zamu yangu ikafika.

"Daktari, Jumamosi usimpeleke Wairimu," nikamwambia.

"Kwani ile cable imekataa, Captain?"

"Iko sawa."

"Engine je?"

"Injini haina neno."

"Sasa shida iko wapi?"

Nikamweleza yote. Wakati nikisema, alikuwa akiangalia meno yangu, si uso wangu. Nilipomaliza akaniuliza, "Captain, BP yako ulipima lini?"

Unaona watu? Mchungaji naye alitaka kuja kuipaka propela mafuta. Mke wangu akasema, "Baba Njoki, wachana na hiyo ndege uje unisaidie na kuku." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza itakuwaje kwa msichana yule. Ningeweza kudanganya kwamba waya ni mbovu, lakini lazima ningeliandika kwenye kitabu cha ndege, na katika kitabu hicho sijawahi kuandika uongo. Ningeweza kung'oa kitu kwenye injini, na Otieno angekirudisha kabla chai haijapoa. Kila nilipofumba macho nilimwona Wairimu ndani ya kile kiti cha nyuma, ameulizwa swali, amenyamaza.

Jumamosi asubuhi nilimvuta kando. Yuko mwaka wa nne chuoni, anakaa hosteli Kahawa Wendani, na alikuwa akitafuna chingamu.

"Sasa, Guka," akanisalimu; ndivyo anavyoniita, babu kwa Kikuyu.

Nikamfundisha yale maneno matatu. Nikamwambia, "Huko juu ukiulizwa nani ameshika, ushike, ujibu kwa sauti. Usinyamaze hata kidogo."

"Na nani ataniuliza? Si tuko na Dad peke yake?"

"Yeyote."

"Guka, uko na vituko," akasema, lakini akayarudia mara mbili. Baba yake akacheka, akasema hayo ni maneno ya kijeshi ya zamani na yeye anatumia Kiingereza kama watu wengine.

Wakapaa. Mimi na Otieno tukabaki tumesimama kando ya banda. Walizunguka mara moja vizuri. Mara ya pili, ng'ambo ya mikaratusi, nikaona pua ya Shosho inainama. Ikashuka bila haraka, vile vile ilivyoshuka na mimi, ikapotea nyuma ya miti. Otieno akaweka spana chini. Sikuomba, sikukimbia, sikufanya lolote la maana. Nilisema tu kwa sauti, "Jibu. Jibu, mama, jibu."

Injini ikanguruma, na Shosho ikatokea juu ya miti.

Kariuki alitua vibaya, akaruka ruka kama chura, akashuka na kukaa kwenye nyasi. Wairimu alikuja kwangu moja kwa moja. Chingamu alikuwa ameimeza.

"Dad aliniambia 'you have control', yaani nishike, halafu akatoa simu anichukue video," akasema. "Mimi sikumskia. Hata mimi nilikuwa nachukua video, mikono yote juu. Halafu kwa headphones nikaskia mzee fulani ananiuliza nani ameshika."

"Alikukemea?"

"Hapana, aliuliza tu polite. Nikaangusha simu, nikashika hiyo stick, nikasema, mimi, nimeshika. Ndio Dad akashtuka akavuta."

"Na yeye akajibu, 'Umeshika'?"

Akatikisa kichwa. "Akasema, 'Asante, Barasa.' Guka, Barasa ni nani?"

Nilikaa juu ya gurudumu la Shosho. Jina hilo sikuwa nimemtajia Wairimu, wala baba yake, wala Otieno. Hata wewe unayenisikiliza sikuwa nimekutajia. Barasa ndiye yule mwanafunzi aliyekufa na Mutiso. Alikuwa kijana mkimya, aliyeogopa wakufunzi kiasi cha kutoomba ruhusa ya kwenda choo. Na hapo nikaelewa kilichotokea siku ile, jambo ambalo wachunguzi hawakulipata kwenye nyaya zao. Mutiso alimwambia ashike. Barasa akanyamaza, mikono juu, akingoja kuambiwa vizuri zaidi. Nilijua hivyo kwa sababu Alhamisi mimi nilifanya vile vile, na mimi sikuwa na udhuru wa umri. Nililia mbele ya Otieno, na sioni aibu kukwambia.

Video zote mbili zipo. Unasikia upepo, unamsikia Wairimu akijibu, lakini swali halisikiki. Kariuki anasisitiza kwamba ni mawimbi ya redio yaliingiliana. Sawa. Mbona basi hajaingia tena na simu ndani ya ndege? Na mbona, akidhani siko karibu, anakabidhiana kwa Kiswahili?

Tangu siku hiyo kiti cha nyuma kimenyamaza. Ninafunga mikanda yake kwa fundo na ninakuta fundo lile lile. Ungedhani nimepumzika, lakini mzigo umebaki kwangu. Tukitoka nyumbani namuuliza mke wangu ni nani amezima gesi, na siondoki mpaka ajibu. Tukivuka barabara na wajukuu nauliza ni nani amemshika mdogo. Mke wangu amechoka. Ananiambia, "Baba Njoki, hii nyumba si kambi." Ninajua si kambi. Nauliza hivyo hivyo, na nitauliza mpaka nife.

Kwa hivyo na wewe nakuonya, hata kama utaondoka hapa ukinicheka. Mkiwa wawili na mna kitu kinachoweza kuanguka, suala la nani ameshika lisemwe kwa mdomo, na jibu lisikike. Aliye mdogo wako akinyamaza, usidhani amekubali. Muulize tena, na umuulize mikono yako ikiwa bado imeshika. Siku ile na Barasa, Mutiso aliuliza akiwa ameshaachia.