Maji ya Miaka Hamsini

Shemeji yangu, Miao Shouren, alijua kwamba maji yangeweza kurudi. Akaniambia hayatarudi, akachukua nyumba yangu iliyo juu ya tuta, akaniacha bondeni. Huo ndio ubaya niliotendewa, na nausema kwanza ili mtu asije akadhani ninalilia mvua.

Sisi watu wa bonde la mto Huai, huku China, tunaishi juu ya matuta. Wazee waliyapandisha kwa mabega, udongo kikapu kwa kikapu, na nyumba zimebanana pale juu hata mtu akipiga chafya jirani humwombea afya. Chini ni mashamba. Mto ukifura kupita kiasi, serikali hufungua lango la kuzuia mto, maji yakamwagwa kwetu ili miji iliyo mbele ipone. Mama mkwe wangu alikuwa akisema lango lilifunguliwa akiwa mwari, likafunguliwa tena akiwa na mimba ya Shouren, kisha watoto wakakua na kuoa ndipo likafunguliwa tena. Hapo katikati mtu alipata nafasi ya kusahau.

Mume wangu, mdogo wake Shouren, alianguka kwenye jukwaa la ujenzi mjini akafa. Aliniachia binti mmoja, Yun, na vyumba viwili upande wa mashariki wa tuta. Baada ya mazishi yakaja maji makubwa. Yalipokauka, kipaza sauti cha kijiji kikatangaza kwamba yale yalikuwa mafuriko ya miaka hamsini.

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Kijiji kizima kililipokea kama tarehe ya harusi. Wazee walikuwa wakitaniana, "Sisi na mto tumemalizana, yaliyobaki watapambana nayo wajukuu." Watu wakaanza kujenga bondeni, penye nafasi. Hakuna aliyeuliza lile neno lina maana gani, maana tulidhani tumelielewa.

Shouren alinikuta nikimenya fito za mierebi za kusukia vikapu.

"Shemeji, huku juu unabanwa bure. Nyumba yangu ya bondeni ni kubwa, ina ua, hata bata wako watapumua. Tubadilishane."

"Na maji je?"

"Maji gani tena? Hukusikia kipaza sauti? Miaka hamsini! Yakirudi utakuwa unalisha funza."

"Kama bondeni kuzuri hivyo, wewe unapandia nini huku?"

"Mama amezeeka. Anataka kufia alipoolewa. Mimi mwana wa kwanza nimwache peke yake, watu waseme nini?"

Akanifunga mdomo kwa mama yake. Sikusoma, lakini kujumlisha hamsini na umri wangu niliweza, nikaona nitakuwa nimezikwa zamani. Nikahamisha vyombo.

Mama mkwe hakumaliza mwaka. Tulipomzika, sababu ya Shouren kukaa juu ilizikwa naye, lakini yeye hakushuka, nami sikudai. Ua ulikuwa mpana, bata walitaga vizuri. Nilikuwa mjinga mwenye nafasi.

Yun alikuwa bado anasoma shule lango lilipofunguliwa tena. King'ora kililia, tukapandisha magodoro na masufuria, bata tukawaachia wajitegemee. Nikabisha hodi kwenye mlango niliokuwa nikiufungua mwenyewe kwa ufunguo. Cuiping, mke wa Shouren, akatoka.

"Karibuni, mama Yun. Ila chumba cha mashariki tumeweka ngano. Mtajibanza hapo ukumbini, karibu na jiko."

Basi magunia yao yakalala chumbani mwangu, na mimi na mwanangu tukalala penye majivu hadi maji yalipopungua. Nikarudi chini kukomba matope. Baadaye ukaja ukame, ardhi ikapasuka, mierebi ikakauka ikiwa imesimama. Tukapanda upya. Kisha mvua ikaja kwa hasira, lango likafunguliwa tena, na nikapanda tena tutani na godoro lilelile lenye harufu ya ukungu.

Safari hiyo maji yaliposhuka alikuja binti wa ofisi ya maji, amevaa buti za mpira, anapima alama ukutani kwangu.

"Binti, haya ni ya miaka mingapi?"

"Ishirini, mama."

"Na yale ya mwanzo yalikuwa ya hamsini. Hiyo hamsini imeisha lini?"

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Siyo kalenda, mama. Ni kama bahati nasibu. Maana yake kila mwaka kuna nafasi moja katika hamsini. Yanaweza kufuatana hata miaka miwili."

"Mbona zamani hayakufuatana?"

"Hesabu zetu zimetoka kwenye mvua za zamani. Siku hizi hewa ina joto, inabeba maji mengi, na ikimwaga inamwaga kwa pupa. Mvua kubwa zimezidi. Hata sisi tunazirudia hizo hesabu."

Nikapanda tutani na miguu ya matope. Shouren alikuwa mlangoni na bakuli lake la tambi.

"Shemeji, uliniambia miaka hamsini."

"Si mimi, ni kipaza sauti. Nilisema walivyosema wote. Sasa unataka nikaishtaki mbingu?"

Cuiping akadakia kutoka ndani, "Mama Yun, usije kutulilia kila ikinyesha! Mwenye akili aliuliza. Huyu mume wangu alikwenda mwenyewe ofisi ya maji, wakamwambia yanaweza kurudi hata mwakani. Na wewe ungekwenda. Miguu si unayo?"

"Alikwenda lini?"

"Kabla hamjabadilishana, lini tena?"

Alikuwa ameshajibu kabla hajajua anajibu nini. Shouren akaweka vijiti juu ya bakuli.

"Nyamaza wewe," akamwambia mkewe. Kisha, bila kunitazama: "Kila mtu huwatafutia wanawe pa kukanyaga. Ungekuwa mimi ungefanya hivyohivyo."

Nimelifikiria hilo mara nyingi nikikomba matope. Pengine ningefanya. Sijui. Najua kwamba nimechoka, na Yun akinipigia simu kutoka kiwandani anakofanya kazi sasa huuliza habari za mvua kabla ya kuuliza habari zangu.

Mto sina kesi nao. Serikali hutuletea mchele na mbegu, nami hupokea. Anga kuchafuka mara nyingi kuliko zamani si kosa la Shouren, na waliolitia joto siwajui majina. La Shouren ni vyumba viwili vya mashariki alivyoniachia mume wangu, na jibu alilopewa ofisi ya maji akalimeza. Vyumba avitoe. Na jibu alitoe mbele ya kijiji, kwa mdomo wake. Hadi leo hajatoa hata kimoja.