Nilimnywesha Khaloo Wangu Sus

Kosa ni langu. Si la shetani, maana mwezi ule alikuwa kafungwa minyororo, wala si la jicho la mtu, ingawa mama yangu bado anamshuku jirani wa ghorofa ya tatu. Ni langu mimi, msomi wa familia, nisiyeamini kitu mpaka nione ushahidi. Nisomeni, kisha mnicheke. Nimestahili!

Ilikuwa Ramadhani, hapa Muscat, nyumbani kwetu Al Khuwair. Asili yetu Zanzibar, na futari yetu haiwi futari bila jagi la tangawizi: tangawizi ya kutwanga, ndimu, sukari, pilipili manga. Mwaka huo binamu yangu alileta makopo ya soda nyeusi ya mizizi kutoka supamaketi. Mimi nikaleta sus, maji meusi ya mzizi mtamu ambao Waarabu wengi huupenda mwezi huo.

Basi vita vikaanza. Mama akasema tangawizi hutoa upepo mwilini. Binamu akasema soda yake husafisha damu. Jamani! Damu ilichafukia wapi? Nikawaambia vyote ni maji matamu yenye rangi, tofauti ni jina na bei tu. Nikawafunga vitambaa machoni waonje, ili nithibitishe.

Wakavijua vyote vitatu! Tangawizi iliwawasha koo. Soda ya kopo ilinukia dawa ya kuchulia misuli. Mama akauliza ainywe au ajipake gotini. Sus nayo ilikuwa na utamu mzito uliogoma kuondoka ulimini. Jaribio langu likafa hapo hapo. Mtu mwenye haya angenyamaza.

Aliyeipenda sus ni khaloo wangu, dada yake mama, mwenye presha ya miaka mingi.

"Hii ndiyo!" alisema. "Tamu, wala haina sukari. Nimiminie tena, msomi wangu."

"Sus si ya mwenye presha," mama akadakia.

"Nani kasema?" nikamuuliza.

"Watu wanasema."

"Watu hao hao wa upepo na damu chafu? Lete ushahidi, mama!"

Mama hakuwa nao. Na mimi, mdai ushahidi mkuu, nilikuwa na simu mkononi na sikutafuta hata neno moja. Uvivu wangu nikauita akili! Nikawa namwekea khaloo jagi zima kila futari, na jingine daku.

Khaloo alikuwa na safari. Baada ya Idi alitakiwa Unguja. Mjukuu wake wa pekee alikuwa anaolewa, naye ndiye wa kumsinga, yaani kumsugua mwili kwa manukato, na kumpaka hina kwa mikono yake. Sanduku lake lilishafungwa.

Mwisho wa mwezi miguu ikamvimba. Kisha mikono ikamlegea, hata birika la chai likamshinda kunyanyua. Hospitali wakakuta presha imepanda vibaya. Daktari alikuwa mgeni, Kiarabu chake cha salamu tu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Kwa fahari zote!

"Anatumia dawa yoyote ya miti au mizizi?" aliuliza kwa Kiingereza.

Nikamtafsiria khaloo. Akajibu, "Mwambie sinywi dawa za miti, ila ile sus yako."

Nami nikamwambia daktari: "Hapana, hatumii kitu."

Ndiyo. Mmesoma vizuri. Kumnywesha sus kulikuwa kiburi tu. Huu ulikuwa uongo. Nilishaanza kushuku, lakini mama alikuwa kasimama pembeni, naye Kiingereza hajui; niliona aibu nije kumtafsiria kwamba "watu" walikuwa sahihi.

Daktari hakuitaja sus, basi lawama zikamwendea papa mkavu wa chumvi, kitoweo alichokipenda khaloo. Mama aliwatupa papa wote walioletwa kutoka Unguja, huku akimgombeza dada yake kwenye simu: "Ulafi wako wa chumvi huo!" Mfuko nikamsaidia kuubeba hadi jaani. Msomi mzima!

Kesho yake moyo wa khaloo ukaanza kudunda ovyo, wakamhamishia chumba cha mahututi. Hapo ndipo ulimi wangu ukafunguka, nikamweleza daktari habari ya sus.

"Jana nilikuuliza," alisema.

Akanieleza kuwa mzizi wa sus hupandisha presha na kuumalizia mwili madini yanayouendesha moyo. Tangawizi ya mama haifanyi hivyo. Kumbe tofauti haikuwa jina na bei.

Alipona, alhamdulillah. Lakini ndege ilishaondoka. Bibi harusi alisingwa na mikono mingine, na khaloo akaitazama harusi kwenye simu yangu, kitandani, akipiga vigelegele kwa sauti ya chini asiwaudhi wagonjwa wenzake.

Picha zilipokwisha nikamwambia yote. Alinirudishia simu.

"Mimi nlisema," alisema. "Sus nnakusamehe, nliipenda mwenyewe. Lakini nlikupa maneno yangu uyafikishe, wewe ukayala."

Siku hizi khaloo hospitali huenda na binamu yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Anatafsiri kila kitu, hata malalamiko kuhusu foleni. Mimi huwaendesha, kisha hungoja garini.

Basi wewe unayehoji kila kitu kama mimi, hoji, sikukatazi. Lakini usiishie kwenye kicheko, katafute jibu. Na mgonjwa akikupa neno umpelekee daktari, lifikishe lilivyo, hata kama litakuvua nguo. Ukilimeza, huenda akapona. Ila hatakupa jingine.