Maji Aliyoyaonja Khalfani

Siku ya kwanza kukutana na Nalepo, Khalfani alikwenda sokoni Ngaramtoni kumkandamiza bei ya shanga, akarudi amekandamizwa yeye. Mama huyo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu yake ya matege ameifunika kwa shuka, anatunga shanga ndogo kama mbegu za mchicha bila miwani. Khalfani akataja bei. Kimya. Akapandisha. Kimya. Alipopandisha mara ya tatu, Nalepo akasema bila kuinua uso, "Endelea tu baba, unakuja vizuri."

Shanga alizinunua, lakini alichoondoka nacho kichwani ni ule mkono usiotetemeka. Wakati huo alikuwa akipeleka maji ya chemchemi kwenye maabara moja ya samaki upande wa Tengeru, na Daktari Kandida wa hapo alikuwa akilia kila siku kwamba vijana wenye vyeti wanampasulia mayai. Kazi ilikuwa kudunga yai dogo kama punje ya ulezi, chini ya hadubini, mara tu linapotagwa, na kutia humo kinasaba cha kufanya mifupa ya samaki ing'ae kijani. Samaki wa namna hiyo ungeiona mifupa yake angali hai, ukaona jinsi maji yenye madini ya kijiji cha Maji ya Chai yanavyoipinda.

"Nina mtu," Khalfani akamwambia. "Cheti hana."

"Ana nini sasa?"

"Ana mkono."

Nalepo alikulia Maji ya Chai. Habari za mifupa kupinda hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alidunga miaka miwili, mayai maelfu. Mengi yaliharibika, samaki wengine waling'aa wenyewe bila kurithisha. Jike mmoja tu ndiye aliyezaa watoto wanaong'aa, thelathini na wanne, kisha akafa. Kwa kina Nalepo kuhesabu mifugo ni mwiko, lakini hawa aliwahesabu kila asubuhi.

Masika yakaja, tangi la Khalfani likapasuka. Huko Usa River akapata pipa lililotoka shamba la maua, akalibishania mpaka likashuka nusu bei. Akaliosha mara tatu kwa sabuni na maji ya moto, akalijaza chemchemini.

"Pipa geni hili," Nalepo akasema mlangoni. "Lilibeba nini?"

"Maji."

"Na kabla ya maji?"

Khalfani akachota kikombe, akanywa chote, akafuta midomo. "Mimi si nimekunywa? Kama ni sumu, nizike."

Utaratibu ulitaka maji mageni yajaribiwe siku nzima kwa samaki wa kawaida. Lakini kule alikokulia Nalepo maji hupimwa kwa ulimi, na aliyeyaleta akishakunywa, maneno yamekwisha. Naye akaonja. Yalikuwa matamu. Akayamimina kwa wale thelathini na wanne.

Saa sita mchana samaki walianza kulala ubavu. Daktari akawasha taa ya bluu ya kuwamulika, na wote watatu wakaona kila mfupa, hadi vijiti vya mapezi, uking'aa kijani huku ukipunguza mwendo. Walibadilisha maji. Haikusaidia. Dawa ya wadudu ya shamba la maua, ambayo ulimi hauionji, ilikuwa imekwisha kuwaingia.

"Daktari, nitaleta wengine," Khalfani akasema. "Mia. Mia mbili! Taja wewe."

"Utawatoa wapi? Duniani walikuwa hawa tu. Na kibali changu kimebakiza miezi minne."

Khalfani akamgeukia Nalepo, akaahidi hiki, akaongeza kile, akaongeza tena. Kimya. Kimya hiki hakikuwa kinangoja bei.

Maabara ilifungwa kibali kilipokwisha. Khalfani alipoteza mteja wake bora, na lile pipa akalipasua kwa shoka, mali pekee aliyowahi kuiharibu bila kwanza kuitafutia mnunuzi. Nalepo alirudi kwenye ndoo yake Ngaramtoni. Khalfani bado hununua shanga kwake, na faida yake siku hizi ni kubwa kuliko zamani, maana akitaja bei, Nalepo huichukua ile ya kwanza.