Kampuni Iliyotushinda Kortini

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa nguo hapa Kitengela, nikingoja sweta ya mtoto, na mbele yangu msichana mmoja alikuwa akipimwa suti. Amemaliza kusomea uwakili, na kampuni mbili kubwa za mawakili Nairobi zinamtaka. Ilikuwa lazima achague kufikia Jumatatu.

"Ya kwanza iko na jina, Yeyo," alimwambia mama yake kando, akimwita kwa Kimaasai, mikono ameinyoosha fundi apime. "Ya pili iko na watu wazuri."

Mama, shuka begani, akauliza, "Ni gani ilisimamia watu wa kile kiwanda kilichotaka shamba letu, kwa ile kesi?"

Msichana akashusha mikono. Fundi akaiinua tena.

"Hiyo ya kwanza. Ndiyo maana sitaki kuenda."

"Na wakili wetu alikuwa mjinga?"

"Hapana, Yeyo. Alijaribu sana."

"Na bado wakatushinda." Mama alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Basi enda kwa hao. Hao wanajua kazi. Jifunze yote, halafu wakija kwa shamba la jirani, wakukute upande wetu."

Kisha akamtemea mate kidogo kichwani, baraka ya Kimaasai. Fundi, ambaye ni Mkamba, akavuta kitambaa cha suti upesi kisilowe.

Mimi ningemtuma wangu kwa watu wazuri. Sikumzaa msichana yule, lakini nilitoka pale na sweta ya mtoto nikitembea kwa fahari, kana kwamba mimi ndiye mama yake.